Wanne wa Benchi la Kliniki

"Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mitumba hapa Sirari. Mwaka jana nilichanganyikiwa, nikapelekwa kwenye maombi, kisha hospitali, wakasema ni baipola. Sasa mwezi wa nne niko sawa, nameza dawa. Muuguzi wa kliniki kule Tarime ametuambia sisi wanne tunaofika siku moja na tatizo hilohilo tuunde kikundi, tuwe tunasaidiana. Nimekataa. Shangazi, wagonjwa wanne wa akili watasaidiana nini? Si kipofu kumwongoza kipofu? Na Sirari ni padogo. Halafu naogopa nikikaa nao nitarudi kulekule nilikotoka. Nishauri. Bhoke (si jina langu), Sirari."

Mwanangu, jina umelichagua vizuri. Ukiliita kwa sauti sokoni Tarime nusu ya kina mama watageuka, kwa hiyo hakuna atakayejua ni wewe.

Barua yako ilikuwa na kurasa sita, na nimezisoma zote, hata pembeni ulikobana maneno kwa herufi ndogo. Swali lako liko ukurasa wa kwanza. Jibu lake umeliandika mwenyewe ukurasa wa tatu, ukalipita haraka haraka.

Unasema siku ile, mkiwa kwenye benchi mnasubiri mafaili, mwalimu mmoja aliyetoka upande wa Mugumu alikugeukia akakuuliza, "Mwenzangu, wewe inakuanza vipi?" Ukamjibu hujui, inakuja tu. Akacheka. Akasema yeye inamwanzia kwenye mapazia: akijikuta saa nane za usiku anafua mapazia ya nyumba nzima na wala haoni uchovu, anajua tayari. Ndipo ukakumbuka kwamba wiki moja kabla hujachanganyikiwa ulikuwa ukiwapigia simu wauzaji wa mitumba wa Gikomba, Nairobi, saa kumi alfajiri, ukiwapangia mzigo wa duka la pili, na la tatu, na la Mwanza. Umeandika: "Nilicheka hadi nikalia."

Na bado unaniuliza wagonjwa wanne watasaidiana nini.

Bhoke, daktari alikuuliza dalili zako, na muuguzi akakuuliza. Wote uliwajibu "sijui," na najua hukuwa unawaficha. Mtu aliyeketi mbele ya daktari, nyuma yake foleni ndefu, hutafuta jibu la kitaalamu, na jibu la kitaalamu hakuwa nalo. Mwalimu alikutajia mapazia, wewe ukayaona maduka yako. Kazi hiyo ilifanyika kwenye benchi kwa dakika chache, bila semina wala posho. Kikundi unachokikataa kimeshakutana mara moja, na wewe ulikuwepo.

Hayo maneno ya kipofu na mwenzake yanawahusu watu wawili wasioijua njia. Mwalimu huyo njia anaijua, na shimo analijua zaidi maana ameshatumbukia humo.

Sasa nikushike pale unapopajua kuliko mimi. Umesema uko kwenye kikoba, tena wewe ni mmoja wa washika funguo. Sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kama ilivyo kwa vikoba vingi. Umesema pia, kwa uchungu, kwamba siku ulizokuwa umepanda, ugonjwa umekupaisha, ulitaka sanduku lifunguliwe ukanunue mabelo kumi, na wenzako wawili wakakataa kuleta funguo zao. Ukawatukana mbele ya watu. Mpaka leo unaona aibu kuwatazama.

Mwanangu, hebu tuliangalie jambo hilo bila aibu. Wenzako wale hawana shahada ya benki. Ni wauza ndizi na wauza dagaa, hali zao kama yako. Pesa za watu ziliokoka kwa sababu siku mlizokuwa na akili zilizotulia mlikubaliana kwamba hakuna atakayefungua peke yake, hata mwenyekiti, hata aje na wazo zuri namna gani. Kufuli tatu haziwekwi kwa kuwa wenye funguo ni wezi. Zinawekwa kwa kuwa kila binadamu ana siku ambayo hafai kuachiwa sanduku. Wewe siku zako hizo zimepewa jina hospitalini, wengine zao hazina jina. Kikundi anachokitaka muuguzi ni kikoba cha namna hiyo, ila kinachotunzwa humo ni usingizi wako, pesa yako na ndoa yako.

Tena usidhani jambo hili limebuniwa Tarime jana. Mwaka 2003 wataalamu wa Barcelona, Hispania, akina Francesc Colom na Eduard Vieta, walitoa matokeo ya watu 120 wenye baipola, wote wakiwa wametulia na wote wakiendelea na dawa. Nusu yao walikutana kwa vikundi mara 21 kujifunza ugonjwa wenyewe: unaanzaje, dawa zinafanya nini, usingizi, pombe. Nusu nyingine nao walikutana kwa vikundi, ila walizungumza tu bila mafunzo. Ilipotimia miaka miwili, katika waliozungumza tu watu 55 kati ya 60 walikuwa wameugua tena. Katika waliojifunza walikuwa 40.

Hesabu hiyo isome polepole. Kupiga soga pekee hakukutosha. Na hata waliojifunza, theluthi mbili yao waliugua tena, kwa hiyo anayekuahidi kwamba kikundi kitakuponya anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ila tofauti ya hao 15 si ndogo. Wewe unajua mtu mmoja kuugua mara moja kunagharimu nini, maana bado unalipa.

Utaniambia hao walifundishwa na wataalamu, tena Ulaya. Haya, tuje karibu. Kampala, katika hospitali ya Butabika, watu waliowahi kulazwa hapo walirudi kuwa msaada kwa wagonjwa wenzao. Joseph Atukunda, Mganda anayeishi na baipola na anayeisema hadharani, ndiye aliyeanzisha Heartsounds Uganda, chama cha watu wa namna hiyo. Kuanzia 2018 ukaja mradi uitwao UPSIDES, uliofanya kazi katika miji sita, Kampala na Dar es Salaam zikiwemo: watu walioyaishi magonjwa mazito ya akili walipewa mafunzo, kisha wakakaa na wenzao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani waliishi na baipola, lakini hao milioni 40 hawakusaidii kitu saa nane za usiku ukiwa Sirari. Watatu ambao namba zao unazo wanakusaidia.

Tuje kwenye hofu ya kuonekana. Sirari ni padogo, sikatai. Lakini, mwanangu, tusidanganyane: siku ile unayoisimulia, ulipopanda juu ya meza stendi ukagawa magauni bure, asiyekuona alisimuliwa kabla ya magharibi. Watu wanajua uliugua, na siri unayoilinda ilishatoka zamani.

Siri ya mwalimu wa Mugumu bado haijatoka. Kule kwao kuna hospitali, lakini yeye anavuka Mto Mara, anapita Nyamongo, anakuja hadi Tarime, na umesema mwenyewe kwamba anafanya hivyo ili wazazi wa wanafunzi wake wasimwone kwenye lile benchi. Huyo ndiye mwenye cha kupoteza, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo. Kwa ajili yake, kutaneni siku ileile ya kliniki, palepale hospitalini, muuguzi awatafutie chumba. Anayewaona ataona wagonjwa wanaosubiri dawa. Msianzishe kundi la WhatsApp lenye jina la ugonjwa. Na tafadhali, msishone sare! Nawajua kina mama wa vikundi: katiba bado, kitenge tayari.

Hofu yako ya tatu ndiyo niliyoifikiria zaidi, maana haina upuuzi ndani yake. Baipola haiambukizwi kwa kukaa benchi moja. Ni ugonjwa ambao mara nyingi unafuata ukoo, mara nyingi unaanza ujanani, na unaamshwa na mambo yanayojulikana: usingizi kukatika, dawa kuachwa, pombe, bangi, mirungi, msiba, hata kujifungua. Lakini ni kweli kwamba kukaa na mtu aliyeshuka kabisa, aliyemezwa na sonona hata salamu inamshinda, kunachosha. Siku ambayo na wewe uko chini, una ruhusa ya kusema "leo siwezi" ukarudi nyumbani.

Na aliyepanda je? Huyo ndiye wa kuogopwa, kwa sababu anapendeza. Anaongea haraka, anachekesha, mipango yake inameremeta. Siku mwenzenu atakapokuja na wazo la kununua basi la Sirari–Mwanza, mnaweza mkajikuta wote wanne mnatafuta dereva. Ndiyo maana nasema muuguzi awepo, angalau mwanzoni mwa kila mkutano, na mwenye wazo jipya aulizwe swali moja kabla wazo halijajadiliwa: "Jana umelala saa ngapi?" Likiulizwa na mume, swali hilo linaleta ugomvi. Likiulizwa na mwenye mapazia, utajibu.

Kuna mengine ambayo hayana mjadala. Hakuna kuazimana vidonge, hata kama vinafanana rangi. Hakuna kumwambia mwenzako ana ugonjwa fulani au hana, hiyo ni kazi ya daktari. Na siri ya kikundi ina mpaka: mwenzenu akitamka kwamba anataka kufa, au amechoka kuishi, hilo halifichwi. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, akasirike atakavyokasirika.

Lakini kabla ya kikundi nataka ufanye kazi moja ukiwa umetulia hivi. Chukua daftari lako la mauzo, ufungue ukurasa wa nyuma kabisa. Andika dalili zako kwa maneno yako, si ya hospitali: napiga simu Gikomba alfajiri, nalala kwa saa tatu tu na naamka kama nimelala kwa saa nane, naanza kuwapa watu mali kauli bila kuandika, nawaona wenzangu wote wazito. Andika na za kushuka, maana kuhusu kushuka umeniambia mstari mmoja tu, kwamba "sikuoga." Kisha andika mambo hayo yakitokea usiku mbili mfululizo nani afanye nini. Laini yako ya M-Pesa inakwenda kwa nani. Nani anakusindikiza kliniki bila kusubiri tarehe ya kadi. Safari zote zinasimama. Chini weka sahihi yako, kwa sababu utakapokuwa umepanda utasema hukukubali, na sahihi itakuumbua.

Na kama kwenye kikoba, funguo zako ziwe kwa watu watatu. Mmoja mumeo, ambaye kwa maelezo yako ni mtu mwema aliyeshtuka. Mmoja mtu wa kikundi, nami nampigia kura mwalimu. Mmoja unabaki nao wewe, na huo ninausisitiza. Kumpa mumeo ufunguo si kumpa sanduku. Kwa hiyo karatasi hiyo iseme na siku ya kurudisha: nikilala vizuri wiki mbili, na kliniki ikaona niko sawa, laini inarudi mkononi mwangu. Wapo waume, na wapo mama wakwe, ambao mgonjwa ameshapona lakini wanaendelea kumshikia pesa mwaka mzima, na kila akipandisha sauti wanakonyezana: "imeanza." Hasira ya mke aliyekuta mboga imeliwa yote si dalili ya ugonjwa wowote. Mkibishana hapo, wenzako wa benchi ndio mashahidi wazuri, kwa kuwa hasira ya kawaida na ile nyingine wao wanazijua zote mbili.

Usingizi sitauhubiri sana, umeshauona ulivyokufanya. Ila safari zako za Nairobi kwa basi la usiku, ushushwe alfajiri uingie Gikomba hujalala, urudi usiku huohuo, hizo zinakutafutia balaa. Uliugua baada ya safari tatu za namna hiyo zilizofuatana, umeandika mwenyewe bila kuziunganisha. Mtume mwenzako mgawane nauli, au nenda mchana ulale huko kwa ndugu. Na Desemba nayo ni ya kuipangia mapema. Msimu wa tohara ukiingia Tarime mnajua wenyewe: ngoma usiku kucha, pombe, wageni, litungu halinyamazi. Nenda, salimia, cheza, saa nne uwe kitandani. Atakayekushangaa mwambie Shangazi kakutuma.

Dawa. Pale pembeni umeuliza kama miezi minne inatosha kuziacha. Haitoshi, na uamuzi huo usiufanye wewe wala mimi. Uzima unaouona sasa, dawa zina sehemu kubwa ndani yake, na ugonjwa huu una tabia ya kurudi kwa anayezitupa ghafla. Zikikulevya au zikikutetemesha mikono, mwambie daktari, ana njia ya kubadilisha au kupunguza. Zikikosekana dirishani, hapo tena kikundi kina faida, maana wanne mkiulizia mtajua upesi duka gani la dawa Tarime mjini linazo.

Kisha kuna neno uliloliandika kama halina maana: kwamba unameza kabamazepini na una kijiti mkononi. Mwanangu, hilo lipeleke kwa mhudumu wiki hii, usingoje kliniki. Dawa hiyo hupunguza nguvu ya vijiti na ya vidonge vya uzazi wa mpango, unaweza ukashika mimba ukidhani umejikinga. Na yenyewe inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Valproeti, ambayo huenda mmoja wenu anaitumia, hatari yake kwa mimba ni kubwa zaidi. Mhudumu atakueleza njia nyingine, zipo. Umesema wanawake mko watatu kwenye lile benchi. Kama mnatafuta somo la mkutano wa kwanza, limepatikana, na mwanamume wenu akae asikilize, naye ana mke.

Mama mkwe, ambaye umeandika kwamba anakutishia Mirembe, mwache. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma inatibu watu tangu 1927, sisi ndio tulioigeuza tusi. Wenye baipola wengi wanamezea dawa zao nyumbani na kesho yake wako kazini, kama wewe unavyofungua kibanda. Maombi nayo usiyaache kama yanakutuliza. Mchungaji akikuambia utupe vidonge ili kuonyesha imani, mwambie aje azungumze na muuguzi wako.

Limebaki deni la kikoba, shilingi laki sita ulizokopa ukiwa umepanda, kabla ya ule ugomvi wa funguo, na swali lako kama uwaambie sababu. Nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake kabla ya siku ya mkutano, usisubiri usomewe mbele ya watu. Mwambie ulikuwa mgonjwa na umetibiwa; ugonjwa gani ni hiari yako kumtajia au kutomtajia. Wale wawili uliowatukana waombe radhi, kila mmoja kwa wakati wake, na uwashukuru kwa kukataa. Ufunguo wako wa sanduku ukabidhi kwa mwingine kwa sasa, utoe wewe kabla hujaombwa. Kisha taja kiasi cha wiki ambacho kibanda kinakiweza hata wiki ya mvua, kiandikwe, na nakala moja aitunze mwalimu wa Mugumu.